Nani Akae Juu ya Mpishi wa Chai

Kwanza tuelewane: Shangazi si shangazi yangu. Pale ofisi ya maji hana ndugu hata mmoja. Jina alilipata kwa sababu ya jinsi anavyopokea simu. Wengine wakipokea husema "Halo, nikusaidie nini?" kwa sauti ya mtu aliyelazimishwa. Yeye husema, "Ofisi ya maji, sema mwanangu." Awe mkubwa gani huko juu, akipiga anaitwa mwanangu. Na jamani, inafanya kazi! Mtu bomba lake limekauka tangu juzi, anapiga akiwa amefura, yuko tayari kututukana hadi mababu. Akishaongea na Shangazi kidogo, utamsikia mwenyewe anaanza kueleza habari za goti lake linalouma. Simu ikifika kwetu ndani imeshapoa.

Mimi niko masjala, chumba cha mafaili, nyuma ya kaunta yake. Kati yetu kuna dirisha dogo la kioo ambalo halifungi sawasawa, kwa hiyo nasikia yote, na nisiposikia nauliza. Wenzangu wananiita Pilipili. Sikujipa mimi hilo jina, na wala sijalikataa.

Shangazi anaishi na dada yake mkubwa, vyumba viwili nyuma ya duka la fundi viatu. Huyo dada masikio yameziba kabisa. Nilikwenda kuwatembelea Jumapili moja nikacheka hadi mbavu zikaniuma. Shangazi anasema, "Dada, nimeleta vitunguu." Dada anajibu, "Ndiyo, mlango nimeufunga." Wakaendelea hivyohivyo hadi chakula kikaiva, kila mtu na mazungumzo yake. Wanapendana, usinielewe vibaya. Lakini Shangazi aliponisindikiza hadi kona aliniambia kitu kikaniingia. Alisema, "Unaona, Pilipili? Ijumaa jioni mimi hufunga mdomo, naufungua Jumatatu. Siku nikiondolewa pale kwenye simu, sijui nitaongea na nani."

Sasa zikaja simu mpya. Meneja wetu ni mtu mpole, akifikiri husafisha miwani, na siku hiyo aliisafisha sana. Akatukusanya akatuambia simu hizi zinapita kwenye waya wa kompyuta, zina kioo cha rangi, na zinaweza hata kujipokea zenyewe: bonyeza moja kwa bili, bonyeza mbili kwa bomba lililopasuka. "Ila tutaanza na Shangazi hapo mezani," akasema. "Tukiona simu zinapotea njia, basi tutaiachia mashine." Aliyasema hayo kama mtu anayezungumzia kubadilisha mapazia. Shangazi alicheka kuliko wote. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye, nikaona mkono wake unapapasa meza ukitafuta kikombe kilichokuwa mbele yake.

Fundi wa simu alikuwa mwembamba, hasemi ovyo, maneno yake kama anayachuja. Alipita meza kwa meza akiwauliza watu wanataka simu zao ziweje: picha gani nyuma ya kioo, mlio gani, mwanga mkali au hafifu, vitufe vya pembeni viwe na majina ya nani. Ungeona watu wazima walivyogeuka watoto! Injinia akaweka picha ya gari lake, si ya mkewe, na mkewe alipokuja akaiona, hayo tuyaache. Mtunza stoo akachagua mlio wa jogoo. Mimi nikataka maji yanayochuruzika, si tuko ofisi ya maji? Haikupita siku mbili nikaamriwa niutoe, ati kila simu yangu ikilia nusu ya ofisi inakimbilia chooni.

Simu ya Shangazi ndiyo ilikuwa kubwa, na pembeni yake ubao mzima wa vitufe, kila kitufe na jina la mtu likiwaka kwenye kioo kando yake. Alimwomba Fundi kitu kimoja tu: majina yafuate mpangilio uleule wa simu ya zamani. Fundi akafanya hivyo. Kisha akaizima ile simu na kuiwasha upya, akamwambia, "Shangazi, hebu tazama maandishi. Yanasomeka, au niyakuze?"

Shangazi akainama, akakunja uso kidogo. "Yanasomeka vizuri sana, mwanangu. Na hizi rangi zinapendeza."

Kioo kilikuwa bado hakijawaka. Kilikuwa cheusi tii.

Fundi akainua macho akaniona mimi dirishani. Akasubiri kioo kiwake, akasema, "Sawa, Shangazi," akafunga begi lake akaondoka.

Mchana nilimvuta Shangazi masjala nikafunga mlango. Nilikuwa na hasira, na sijui hata nilimkasirikia nani. "Shangazi, huoni! Huoni na umekaa kimya! Mimi si mtu wa kuambiwa?"

"Nikuambie wewe?" akasema. "Si ningekuwa nimetangaza redioni?"

Nilicheka bila kutaka. Halafu akanieleza. Mwanga anauona. Anajua nikisimama mbele yake kwamba ni mtu, si kabati. Lakini herufi zimemkimbia, na daktari wa macho kamwambia hazitarudi. Ile simu ya zamani aliijua kwa vidole, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kumsumbua mtu. "Na hii nitaijua," akasema. "Mpangilio ni uleule. Vidole vizoee tu."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," nikamwambia.

"Si maradhi haya, ni uzee. Na wewe nenda kale, umeanza kuwa mkali kwa njaa."

Fundi alirudi kesho yake bila kuitwa. Alidondosha tone la gundi ngumu juu ya kitufe kimoja katikati ya ubao, kidole kikiligusa kijue kipo wapi, akalisugua kwa kitambaa, akaenda zake. Hakueleza kitu, na Shangazi hakuuliza. Kutoka hapo simu zikaenda kama kawaida, na mimi nikashusha pumzi.

Balaa lililetwa na Mhasibu. Huyu bwana ni mnene, shati limenyooka kama limetoka dukani sasa hivi, viatu vyake unavisikia kabla hujamwona. Alikuja kaunta kuacha bahasha, jicho likaangukia ubao wa Shangazi. Akasoma kutoka juu: mafundi bomba, mlinzi wa geti, usomaji mita, mpishi wa chai. Chini ya mpishi wa chai, yeye.

"Nani amepanga hivi?" akauliza.

"Mimi, mwanangu," akasema Shangazi.

"Vyeo vina utaratibu," akasema Mhasibu, akaenda kumpigia Fundi.

Hee! Kumbe alikuwa ameamsha nyuki. Mhasibu akapandishwa akawa wa kwanza. Injinia aliposikia akasema maji hutangulia pesa, akataka juu ya Mhasibu. Afisa Utumishi naye akasema watu hutangulia maji na pesa. Wakawa wanapandishana na kushushana kama watoto kwenye ngazi. Na kazi yote hiyo Fundi aliifanya kutoka huko kwake kwa kompyuta. Akibonyeza kule, huku majina yanahama bila mtu kugusa kitu. Yeye mwenyewe aliwaambia, vitufe vikihamahama Shangazi atachanganyikiwa. Wakamjibu, "Si atasoma? Majina yameandikwa." Sasa Fundi angesema nini? Akisema sababu, amemchongea mama wa watu. Akawa kila akihamisha anampigia Shangazi kumweleza, lakini siku nyingine alichelewa, na siku nyingine walihamishana mara tatu kabla ya chakula.

Simu zikaanza kupotea. Mama mkwe wa Meneja alipiga kumtaka mkwewe, akaangukia kwa mafundi bomba. Wale vijana hawakumwacha hata amalize salamu. "Mama, funga koki kuu, panda juu ya meza, tunakuja!" Na kweli walikwenda! Wakafika na gari na sururu, wakamkuta mama wa watu mlangoni, anashangaa nani kamwambia wanaume hawa kwamba kwake kuna mafuriko. Tulicheka, Meneja mwenyewe alicheka, ingawa aliangalia kwanza kama kuna anayemwona.

Ile nyingine haikuchekesha. Mwalimu alipiga kutoka shule ya watoto wadogo, bomba limepasuka karibu na madarasa. Shangazi akabonyeza palipokuwa pa mafundi bomba tangu enzi na enzi. Pale palikuwa pamekuwa pa stoo, na stoo hapakuwa na mtu. Kila Mwalimu akipiga, jogoo anawika stoo peke yake, asubuhi nzima. Maji yaliingia madarasani, watoto wakatolewa wakiwa wamebeba viatu mkononi. Shangazi aliposikia alikaa tu. Nilimletea chai hakuigusa. "Pilipili," akasema, "mtoto angeteleza je?"

Meneja akaitisha kikao. Wakuu wote wa vitengo, Shangazi, na mimi kwa sababu ya kuandika kumbukumbu. Fundi aliitwa pia, akasimama karibu na mlango na begi lake begani, hakuna aliyemwambia akae.

Meneja akasema, "Shangazi tunamjua. Miaka yote hajawahi kupoteza simu. Kwa hiyo tatizo si yeye, tatizo ni simu hizi zilivyotengenezwa. Fundi, samahani, kazi yako haikuwa nzuri. Tutatafuta mwingine."

Basi. Imekwisha. Shangazi kiti chake kimepona, alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya tu. Nilimtazama Fundi. Mtu yule alikuwa na neno moja la kujiokoa, na alilimeza. Akasema, "Sawa, mkuu." Mimi damu ikanipanda kichwani, nikafungua mdomo, sijui hata ningesema nini. Shangazi akanishika mkono chini ya meza akaubana, akasimama yeye.

"Mwacheni Fundi," akasema. "Simu ni nzima. Mimi sioni."

Nilisikia kalamu ya mtu ikibingirika mezani.

Akawaeleza yote bila kulia wala kuomba: herufi zilivyomtoka, vidole vyake, vitufe vinavyohama, mwalimu na watoto wake. "Fundi alijua akanisitiri, na mimi nikaacha anisitiri hadi maji yakaingia darasani. Hilo ni langu. Kama kuna wa kuondoka hapa, ni mimi."

Afisa Utumishi akakohoa. Akasema kwa kweli inasikitisha, na labda sasa ingefaa tumshukuru mama yetu, tumfanyie hafla nzuri ya kumuaga, na mashine iko tayari—

"Hafla!" nikasema. "Mlikuwa mnagombania vitufe kama mbuzi na majani, leo mmekuwa wapole wa kufanya hafla?"

"Pilipili, andika," akasema Meneja. Nikaandika, lakini karatasi karibu itoboke.

Meneja alikuwa amevua miwani. Aliisafisha, akaitazama, akaisafisha tena. Akamgeukia Fundi. "Hivi vitufe vinaweza kufungwa visihame?"

"Vinaweza," akasema Fundi. "Vilikuwa havihami tangu mwanzo. Mlioniambia nihamishe ni nyinyi. Virudi kama alivyovizoea, vibaki hapohapo, hata mtu apewe cheo gani. Na kila kitengo nikiwekee mlio wake, Shangazi akipigiwa na mtu wa ndani amjue kwa sikio."

"Mimi nilikuwa wapi kwenye mpangilio wake?"

"Mwisho kabisa, mkuu. Chini, pembeni."

Mtu mmoja alicheka puani. Meneja akamuuliza Shangazi, "Mwisho kwa nini?"

"Kona kidole hakiikosi, mwanangu. Simu zako ni chache, lakini zikija zina haraka."

Meneja akaitikia kwa kichwa polepole, akavaa miwani. "Mimi nakubali kona yangu. Lakini kila mkuu wa kitengo akubali hapa, kwa mdomo wake, maana kesho sitaki mtu ampigie Fundi kwa siri. Akikataa hata mmoja, tutarudi kwenye yaleyale, na bora mashine kuliko mtoto aumie."

Injinia akakubali, tena kwa aibu kidogo. Afisa Utumishi akakubali huku akitazama dirishani. Tukabaki na Mhasibu.

"Sikubali," akasema Mhasibu. "Namheshimu Shangazi. Lakini kila mgeni anayeegemea ile kaunta anasoma ule ubao. Mimi, chini ya mpishi wa chai? Haiwezekani."

Wallahi nilitaka kumrushia faili. Shangazi akaunyoosha uso kule sauti ilikotoka. Aliongea taratibu, kama anaongea na mteja.

"Mwanangu, hakuna aliyekushusha. Vyeo sikuvipanga mimi, mimi nilipanga simu. Wanaopigiwa sana niliwaweka karibu na kidole. Mafundi bomba wanapigiwa na mji mzima. Mpishi wa chai ana mama mgonjwa, nyumbani wanampigia tangu asubuhi. Na wewe..."

Akanyamaza. Nilijua kwa nini amenyamaza, na nadhani wote tulijua. Simu zote za ofisi ile zinapita mikononi mwake.

Mhasibu akamalizia mwenyewe. "Na mimi hanipigii mtu." Hakusema kwa ukali. Alisema akitazama mikono yake juu ya meza.

Mimi, na ulimi huu mnaoujua, niliweka kalamu chini.

"Nisamehe, mwanangu," akasema Shangazi. "Halikuwa neno la mbele za watu."

"Alikuwepo aliyekuwa akinipigia," akasema Mhasibu.

"Alikuwepo. Kila siku ikifika saa ya chai. Alinifanya wifi yake, tangu siku ya kwanza. 'Wifi, niunganishie ndugu yako, nimuulize kama amekunywa chai.' Nakuunganishia. Akimaliza na wewe, hakati. Ananiambia, 'Wifi, sasa nipe mpishi wa chai, nihakikishe hajanidanganya.' Ndiyo maana niliwaweka pamoja, yeye juu na wewe chini yake, kidole kisihangaike. Hata nilipoagiza hii simu mpya ipangwe, nilijua hatapiga tena. Nilisema kitufe chako kibaki hapohapo."

Mkewe tulimzika sote, tulisimama pale kaburini ofisi nzima, tukarudi, tukaendelea na bili na mabomba. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau kwamba mtu huyu aliwahi kuulizwa kama amekunywa chai. Nililia, na sisemi hivyo kwa kujisifu.

Mhasibu alitoa kicheko kifupi, cha mtu aliyeshtukizwa. "Alikuwa anamuuliza mpishi?"

"Kila siku."

"Na mimi nilikuwa namdanganya kila siku."

"Alijua, mwanangu. Mpishi hakuwahi kukufichia."

Mhasibu akafuta uso kwa mkono wa shati lile, mara moja, bila kujali. Akasimama, akaja hadi upande wetu wa meza, akainama karibu na uso wa Shangazi. Ofisi nzima humwita Shangazi, na yeye alikuwa akimwita hivyo tangu aajiriwe.

"Niache hapohapo, dada," akasema.

Fundi akalishusha begi, akafungua kompyuta yake juu ya meza ya kikao, akaanza kuvirudisha vitufe kimoja kimoja.